Nguvu Zinazovuruga Maji ya Kilindi: Uchambuzi wa Ziwa Nyasa na Jirani Zake

Chanzo cha mkanganyiko

Tarehe 15 Mei 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa muda wa miezi mitatu, kwa mapatano yake na Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na suali ambalo zamani lilikuwa la wataalamu peke yao likaingia vinywani mwa watu wengi, hata huku Nyanda za Juu Kusini ambako ziwa kubwa lililo karibu ni Nyasa. Wapo wasemao kwamba maziwa yetu yamechoshwa na nyavu; wapo wasemao kwamba nyavu zinasingiziwa, na kwamba joto la dunia limeyafungia maji ya chini yasipate kupanda; na wapo, aghalabu waliopata kuishi pwani, wanaostaajabu kwamba ziwa lisilo na kupwa na kujaa liweze kuwa na rutuba yoyote, maadamu bahari waijuayo wao huvurugwa na maji makuu mara mbili kwa siku, masika na kiangazi, bila ya kukosa.

Kauli hizi tatu hutajwa kana kwamba zinapingana, hali kila moja inajibu suali lake. Ya kwanza inahusu samaki wanaotolewa. Ya pili inahusu chakula kinachowafikia samaki waliobaki. Ya tatu inahusu nguvu inayokileta chakula hicho. Mwenye kutaka kuzipima kwa insafu hana budi kuanza na ile ya mwisho, kwani pasipo kujua ni kitu gani kinachoyanyanyua maji ya kilindini, hawezi kujua kama kitu hicho kimedhoofika, wala hawezi kuwalaumu wavuvi au kuwatoa lawamani.

Jambo hili linazihusu Mbeya na Iringa zote mbili, zaidi ya ramani ya leo inavyoonyesha. Mbeya ina ufuko wake katika Kyela, tangu mdomo wa Songwe hadi Matema. Na Iringa, kabla ya Njombe kutengwa nayo na kufanywa mkoa mwaka 2012, ilikuwa na ufuko mrefu wa Ludewa chini ya milima ya Livingstone, penye Lumbila, Lupingu na Manda. Katika ufuko huohuo, mwishoni mwa karne ya 19, ndipo daktari Mjerumani Friedrich Fülleborn alipokaa na kukusanya viumbe vya ziwa hili, kabla ya makao ya utawala wa Kijerumani yaliyokuwa hapo kuhamishiwa Tukuyu.

Jinsi maji yanavyojipanga

Maji mepesi huelea juu ya mazito, na uzito wa maji hutawaliwa na mambo mawili, joto na chumvi. Katika Nyasa chumvi ni haba, hivyo hukumu ni ya joto. Wakati wa mvua uso wa ziwa hufikia nyuzi 28 au zaidi kidogo, ilhali maji ya kilindini, ambayo hushuka hadi kadiri ya mita 700, hukaa karibu na nyuzi 22 na nusu hadi 23 mwaka mzima. Tofauti hiyo ya nyuzi tano au sita huonekana kuwa ndogo, na mtu aliyezoea baridi ya Mufindi huenda akaidharau kabisa. Lakini maji yana tabia moja ambayo wengi hughafilika nayo, nayo ni kwamba kadiri yalivyo ya moto ndivyo kila nyuzi moja ya nyongeza inavyoyapunguzia uzito zaidi. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 4 hadi 9 hupungukiwa na gramu zisizofika 200 kwa kila mita ya ujazo. Yakipashwa kutoka nyuzi 23 hadi 28 hupungukiwa na kilo moja na gramu 300 hivi. Tofauti ileile ya nyuzi tano, basi, huyatenga maji ya Nyasa kwa nguvu karibu mara saba kuliko ambavyo ingeyatenga maji ya ziwa la nchi za baridi. Ndiyo sababu maziwa mengi ya Ulaya hupinduka yote, juu mpaka chini, yanapopoa majira ya baridi, na ya kwetu yaliyo marefu kwenda chini hayafanyi hivyo.

Matokeo yake ni kwamba Nyasa limegawanyika matabaka matatu. La juu hufika mita 100 hivi, nalo huchanganyika lote kwa lote katika miezi ya baridi. La kati huendelea hadi kati ya mita 220 na 250. Na chini ya hapo mna maji yasiyo na oksijeni hata chembe, ambayo ni sehemu kubwa ya ziwa. Vijimea vinavyokufa juani huzama huko pamoja na fosfati, naitrojeni na silika vilivyobeba, na vijidudu vya chini huvioza na kuimaliza hewa yote. Hivyo juu mna mwanga na hewa pasipo rutuba, na chini mna rutuba pasipo mwanga wala hewa. Hata kungu, wale wadudu watokao ziwani kwa mawingu meusi na ambao watu wa mwambao huwakusanya na kuwafanya kitoweo, huishi kwa mgawanyiko huu: viluwiluwi vyao hujificha mchana katika maji yaliyopungukiwa na hewa, ambako samaki wengi hawawezi kuwafuata, kisha hupanda usiku kutafuta riziki.

Hapa ndipo penye shida ya kuchagua, na ni vema isemwe mapema. Kuchanganyika kwa kiasi ni neema. Kuchanganyika ghafula na kwa wingi ni msiba, kwa sababu maji ya chini yana pia gesi ya salfa iliyo sumu. Waliosikia habari za Ziwa Nyos la Kameruni, lililotoa hewa ukaa mwaka 1986 na kuua watu wapatao 1,700, au za Ziwa Kivu lenye methani nyingi kilindini, huuliza kama mambo hayo yaweza kutokea kwetu, hasa kwa kuwa ardhi ya Rungwe hutoa hewa ukaa kwa wingi hata ikavunwa kwa biashara. Kivu limefungwa na chumvi zinazoingia kwa chemchemi za chini, na chumvi hiyo ndiyo inayoiwezesha gesi kulimbikizana kwa karne nyingi. Nyasa halina kizuizi cha namna hiyo, wala halina akiba ya gesi inayolingana. Na Ziwa Ngozi la Rungwe, lililo ndani ya shimo la volkano juu ya mita 2,000, lina kina cha mita 80 na zaidi kidogo, na ubaridi wa usiku wa mahali pale huyasaidia maji yake kushuka na kupanda. Hofu hiyo ni halali kuiangalia, lakini haipaswi kuchanganywa na suali letu.

Upande wa pili kuna maji mafupi. Bwawa la Mtera, kati ya Iringa na Dodoma, huendeshwa baina ya mita 690 na mita 698 na nusu juu ya usawa wa bahari, maana yake ni kwamba maji yake ya kutumika hayazidi mita tisa kwenda chini. Na Ziwa Rukwa lina kina cha mita chache tu. Upepo wa mchana mmoja hufika chini kabisa. Maji ya namna hii hayakosi kuchanganyika. Kasoro yake ni tope, ambalo huuzuia mwanga na kuifanya rutuba iliyopo isitumike yote.

Hoja ya kupwa na kujaa

Wanaotegemea kupwa na kujaa wana burhani madhubuti, ila ni burhani ya bahari. Mkondo wa maji yanayojaa na kupwa husugua chini ya bahari, na msuguano huo huleta misukosuko inayopanda kutoka chini kwenda juu. Nguvu yake hufuata mwendo wa mkondo uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, hata mkondo ukiongezeka mara mbili, kazi yake huongezeka mara nane. Kazi hiyo nayo hupasa kugawanywa kwa kina cha maji yanayovurugwa. Wanasayansi wawili, Simpson na Hunter, waliiweka kanuni hii wazi mwaka 1974 kwa kuichunguza Bahari ya Ireland: penye maji mafupi na mkondo mkali maji huwa ya namna moja juu hadi chini, na penye maji marefu na mkondo dhaifu matabaka hubaki. Mwambao wetu unaithibitisha kanuni hiyo. Wakati wa bamvua maji ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita nne. Mkondo wa Zanzibar, ulio mfupi kwenda chini, huvurugwa sana, ilhali mkondo wa Pemba, wenye kina cha mamia ya mita, hushika matabaka yake hata bamvua likiwa kubwa namna gani. Maji mafu yakifika, nguvu hupungua, kisha hurudi baada ya wiki moja.

Nguvu hiyo huonekana dhahiri zaidi mahali ambapo nguvu nyingine zimenyamazishwa, nako ni kwenye bahari za Aktiki kaskazini ya Siberia. Huko sakafu ya bahari huenda mamia ya kilomita ikiwa na kina kisichozidi mita 50 mahali pengi, na mito mikubwa, Ob, Yenisei na Lena, huyamwaga maji yake matamu juu ya maji ya chumvi. Kwa kuwa maji yenyewe ni ya baridi sana, joto halina hukumu, na matabaka hushikwa na chumvi. Barafu hufunika uso kwa sehemu kubwa ya mwaka, hivyo upepo hauna pa kushika. Kinachobaki kufanya kazi chini ya barafu, usiku wa miezi na mchana wa miezi, ni mwezi na jua kwa kuyavuta maji. Lakini hata huko kuna mpaka uliowekwa na mzunguko wa dunia: kupita latitudo ya 75 hivi, mawimbi ya ndani yanayozaliwa na kupwa na kujaa kwa mara mbili kwa siku hayawezi kusafiri mbali kwa uhuru, hata nguvu yao humalizika karibu na miteremko ilikozaliwa. Tom Rippeth na wenzake walionyesha mwaka 2015 kwamba mavurugo yenye nguvu yanapatikana juu ya miteremko mikali ya chini ya bahari, kama ile ya kaskazini ya Svalbard, na kwamba kuwapo au kutokuwapo kwa barafu hakuyabadilishi sana. Na matokeo yake kule ni kinyume cha matarajio yetu, kwani chini ya maji baridi ya Aktiki hulala maji ya Atlantiki yaliyo na joto zaidi, na mavurugo yakiyainua huisogezea barafu joto. Kitendo kile kile ambacho Nyasa hukihitaji ili kulisha samaki, Aktiki hukilipia kwa barafu.

Udhaifu wa hoja hii kwetu ni mmoja tu, nao unatosha. Ziwa, hata likiwa na urefu wa kilomita 560 na zaidi kama Nyasa, ni dogo mno kwa mwezi kulivuta kwa namna ya kuonekana. Katika Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, ambayo baadhi yake ni makubwa kuliko Nyasa, kupwa na kujaa hakufiki sentimita tano. Kupanda na kushuka kwa maji kunakoonekana Itungi au Matema ni kwa mvua na ukame: ziwa hupanda na kushuka kwa majira, na katika miaka mingi hubadilika zaidi ya hapo, kwa kuwa mlango wake mmoja tu wa kutokea ni mto Shire, ambao kati ya mwaka 1915 na 1935 ulikuwa umeziba. Mabadiliko hayo huinua au kushusha ziwa zima bila ya kulikoroga.

Hata hivyo hoja hii isitupwe yote. Inatufundisha kuuliza nguvu inatoka upande gani na inakuja kwa mwendo gani. Kupwa na kujaa hukoroga kutoka chini, na huja kwa ahadi isiyovunjwa. Nguvu za ziwani hukoroga kutoka juu, na ahadi zao huvunjika.

Hoja ya upepo

Nguvu iliyo kubwa kuliko zote katika Nyasa ni upepo wa kusi, ambao wakazi wa ziwa huuita Mwera, uvumao kwa siku kadhaa mfululizo kati ya Mei na Septemba kwa kulifuata ziwa kwa urefu wake. Milima ya Livingstone upande wa Tanzania, na nyanda za juu upande wa pili, hulifanya bonde lake kuwa mfereji, hata upepo usipotee kwa kutawanyika. Jambo la kwanza unalofanya ni kukausha: hewa ya miezi hiyo ni kavu, maji hugeuka mvuke, na mvuke huchukua joto, hata uso wa ziwa ukapoa na kukaribia nyuzi 23. Maji yaliyopoa huwa mazito na kuzama, na tabaka la juu lote huchanganyika.

Jambo la pili ndilo lenye maajabu. Upepo huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, yaani kuelekea Kyela, na uso wa ziwa huinama kidogo. Mwinamo huo ukipimwa huwa ni sentimita chache, asiyejua hawezi kuuona. Lakini mpaka kati ya tabaka la juu na la chini, kwa kuwa tofauti ya uzito baina yao ni kama sehemu moja katika elfu, hupasa kuinama mara elfu moja kwa upande wa pili ili kuweka mizani. Na hivyo sentimita mbili za juu huwa mita 20 za chini. Ni kama mafuta juu ya maji katika karai lililoinamishwa, ila karai hili lina urefu wa mamia ya kilomita na mkono unaoliinamisha huchukua siku nyingi kuliachilia. Kusini kabisa, upande wa Malawi, maji ya chini yenye rutuba hupanda hadi juu. Kaskazini, mbele ya Matema, maji ya moto hulundikana na maji ya chini hukandamizwa.

Hapa ndipo nadharia inapofaidisha, kwa kuwa inaeleza jambo ambalo maneno ya mitaani hayalielezi. Mvuvi wa Kyela anayeona Mwera ukivuma kwa nguvu anaweza kudhani kuwa neema inashuka mbele yake, ilhali katika siku zile zile maji ya chini yanasukumwa mbali naye, na rutuba inapanda mamia ya kilomita kusini. Upepo ukitulia, mpaka ule ulioinama huachiliwa, hurudi, huzidi kipimo, hurudi tena, na ziwa zima huyumba ndani yake kwa majuma mengi ingawa juu limetulia. Katika Ziwa Tanganyika, ambalo George Coulter alilichunguza kutoka Mpulungu na kuandika habari zake mwaka 1963, yumbo moja la namna hiyo huchukua wiki tatu hadi nne. Nyasa nalo hufanya vivyo hivyo; D. H. Eccles aliyaeleza mambo ya maji yake kwa mapana mwaka 1974, na misingi aliyoiweka ingali ikitumika.

Nguvu ya hoja ya upepo, basi, ni kwamba inaeleza majira, inaeleza tofauti ya kusini na kaskazini, na inaeleza kwa nini rutuba huendelea kutokea hata baada ya upepo kukoma. Udhaifu wake ni kwamba haifiki chini. Mwera ni hodari wa mita 100 za juu. Hulisumbua tabaka la kati, na penye kuyumba kukubwa mipaka hukwaruzana na kuvuja. Lakini mita 400 za mwisho haziufahamu. Kama upepo ungekuwa peke yake, maji ya kilindini yangekuwa yamesahauliwa kabisa na dunia ya juu, nayo kwa dalili za vipimo hayakusahauliwa.

Hoja ya mito ya baridi

Dalili hizo huelekeza macho milimani. Kiwira, Mbaka, Lufilio na Songwe, na upande wa Ludewa Ruhuhu, huyaleta maji kutoka nchi zenye ubaridi wa Rungwe, Makete na Njombe, ambako baadhi ya mahali mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Maji hayo yakiwa na ubaridi kuliko ziwa, na pengine yamebeba tope, huwa mazito. Yakiingia ziwani hayaelei, huteremka chini ya mteremko wa ufuko kama mto wa chini ya maji, hali yamechukua oksijeni ya milimani. Upande wa kusini nao, maji ya pembezoni penye kina kifupi hupoa katika miezi ya baridi na kuteremka vivyo hivyo.

Kwa wingi wake mito haina budi kunyenyekea. Ziwa lina maji ya takriban kilomita za ujazo 8,000, na mito yote kwa jumla, ya Tanzania, ya Malawi na ya Msumbiji, haileti kwa mwaka hata sehemu moja ya mia ya hayo. Tena mto uteremkao huchanganyika na maji ya ziwa njiani, hupata joto, na mara nyingi husimama katika tabaka la kati kabla ya kufika chini. Na mafuriko ya Kyela huja Aprili na Mei, wakati ambapo ziwa bado lina joto, siyo Julai ambapo maji ya mto ni ya baridi zaidi. Lakini mito ina sifa ambayo upepo hauna, nayo ni kufika mahali upepo usipofika, japo kwa kidogo kidogo. Na mtu anayepima kwa mizani ya karne, badala ya mwaka, atauona mchango huo kuwa si haba.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa mito hupenda kulinyamazia. Mashamba yanapopanda milimani na kingo za mito zinapolimwa, tope huongezeka. Tope huongeza uzito wa maji ya mto na pengine kuyashusha chini zaidi, jambo ambalo kwa hesabu ya maji matupu lingeonekana kuwa faida. Lakini tope lilo hilo huyafunika mawe ya mwambao ambamo samaki wadogo wa Nyasa, wa mamia ya aina zisizopatikana pengine, huzaliana na kula. Na mbasa, ambaye hupanda mitoni kutaga, huhitaji changarawe safi. Kuyapongeza mafuriko kwa kuwa yanalipa ziwa hewa ni kuhesabu mapato bila ya kuhesabu gharama.

Mzozo wa joto na nyavu

R. S. A. Beauchamp alipima joto la Nyasa kwa kina mwaka 1939, kabla ya kuja kuongoza utafiti wa uvuvi wa Afrika Mashariki huko Jinja, na vipimo vyake vimekuwa kama mkataba wa zamani ambao kila mdai huurejea. Mwaka 2005 Martin Vollmer na wenzake walilinganisha vipimo vya zamani na vipya, wakakuta kwamba maji ya kilindini yameongezeka joto kwa kiasi cha sehemu saba za kumi za nyuzi moja katika muda wa miongo sita. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba maji ya baridi yanayoteremka yamepungua, kwa kuwa miezi ya baridi si baridi kama zamani, na hivyo joto linaloshuka polepole kutoka juu halipati kinacholisawazisha.

Wengi wamelichukua jambo hili kuwa dalili ya ziwa lililofungwa, na dalili hiyo ina nguvu, ila inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kilindi kilichofungwa kabisa kisingepata joto kwa haraka namna hiyo. Kupata joto kwenyewe ni ushahidi kwamba kitu fulani hupita kati ya juu na chini. Kinachoonekana kupungua ni mteremko wa maji baridi yenye hewa, na hilo huathiri kilindi zaidi ya linavyoathiri zile mita 100 za juu ambamo usipa, wale dagaa wa Nyasa, wanakula. Kwa Nyasa, kusema kwamba joto limewanyima usipa chakula ni kuruka daraja ambalo halijajengwa.

Kwa Tanganyika daraja hilo limejengwa, ingawa mafundi wanagombana juu ya uimara wake. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walitangaza kwamba uzalishaji wa vijimea ziwani umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba upungufu huo waweza kupunguza samaki kwa asilimia 30. Sababu waliyoitaja ni joto la juu lililoongezeka na upepo uliopungua. Jouko Sarvala na wenzake wakajibu mwaka 2006 kwamba takwimu za samaki huonyesha zaidi mabadiliko ya namna ya kuvua kuliko mabadiliko ya ziwa. Andrew Cohen na wenzake, mwaka 2016, wakaleta masalia ya samaki na konokono yaliyofukiwa katika tope la chini, wakaonyesha kwamba kupungua kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara. Hoja ya tope ni ya kuheshimiwa, kwa sababu tope halikufungamana na idara yoyote ya takwimu. Lakini kuonyesha kwamba joto lilianza si kuonyesha kwamba nyavu hazikuongeza. Watu wawili waweza kuwa wameiba katika nyumba moja, na kumtia hatiani mmoja hakumwachilii wa pili.

Usipa wenyewe hutatiza kesi zaidi. Ni samaki wa umri mfupi, ambaye idadi yake hupanda na kuporomoka kwa sababu za majira peke yake. Mwaka mmoja wa shida hauthibitishi chochote, na mwaka mmoja wa neema hali kadhalika.

Mizani

Kupwa na kujaa kunaondoka katika kesi hii kwa upande wa maziwa, kukiacha nyuma kipimo kizuri cha kulinganishia: bahari hulipwa rutuba yake kwa mshahara wa kila siku, Nyasa hulipwa kwa msimu. Mwera ndio mlipaji mkuu, na malipo yake huanzia kusini, kisha huifikia Kyela na Ludewa kwa kuchelewa na kwa njia ya kuyumba kwa ndani. Mito ya baridi hulipa kidogo, lakini hukilipa hata kilindi, na malipo yake yanaonekana kupungua. Joto la dunia hupunguza malipo ya namna zote mbili, kwa kuwa kila nyuzi katika maji ya moto huongeza ugumu wa kuyachanganya kuliko ingekuwa katika maji ya baridi. Nyavu hazibadilishi malipo hata kidogo, ila hukata matumizi yanayobaki; na kwa sababu hiyo zina hukumu kubwa zaidi hasa pale malipo yanapopungua, jambo ambalo wanaozitetea nyavu kwa kulisingizia joto hawajalifikiria.

Kwa hiyo mwenye kuiga kwa Nyasa kufungwa kwa Tanganyika kwa nusu ya Mei, Juni, Julai na nusu ya Agosti asiige kalenda bila ya kuiuliza. Miezi hiyo ndiyo ya Mwera, ambapo kusini kunapanda rutuba na kaskazini kunakandamizwa; kuwapumzisha samaki wakati huo huwapa wachanga nafasi ya kukua kwa chakula kinachokuja, na hiyo ni faida, lakini huwanyima wavuvi miezi ambayo katika pande za kusini huwa na mavuno. Kwa upande wa Tanzania, kama nadharia ya kuyumba ni sahihi, rutuba huonekana baadaye, upepo ukiwa umepungua. Serikali tatu zenye ziwa zikifunga kwa tarehe moja zitakuwa zimewapa watu wa Malawi na watu wa Kyela mzigo mmoja kwa jina na miwili kwa uzito.

Jambo hili linaweza kuamuliwa kwa vipimo, wala si vya gharama kubwa. Kamba mbili zenye vipimajoto kila mita kumi hadi mita 250, moja mbele ya Matema na nyingine mbele ya Manda, zikiachwa majini kwa misimu miwili ya kusi na kusomwa pamoja na daftari za mavuno za kituo cha Kyela cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania, zitaonyesha ni lini mpaka wa maji unapanda upande wetu, unapanda kwa mita ngapi, na usipa hufuata baada ya siku ngapi. Mpaka hapo tarehe ya kufunga, ikiwa itafungwa, itakuwa imeazimwa kwa jirani.